Kipande hakimo ndani ya asembli

"Lakini mimi nilibadilisha kwenye mashine hii tu."

Wiki hii nimeisikia kauli hiyo mara tatu, kutoka kwa watu watatu wasiojuana, na kila mmoja aliitoa kwa uso wa mtu aliyeonewa. Wawili kati yao wanachora vizuri kuliko mimi, kwa hiyo uhodari wa kuchora haumo kwenye kesi hii. Kasoro iko kwenye picha waliyo nayo kichwani ya kile kinachotokea wakibonyeza kuhifadhi. Kazi yangu ni kukarabati faili za wengine za kubuni mashine kwa kompyuta (CAD), kwenye programu kama SolidWorks, Inventor na Creo, zikishaharibika, na nimechoka kueleza jambo hili kwa simu.

Dhana: Nikibadilisha kipande nikiwa ndani ya asembli, kinabadilika kwenye asembli hiyo tu

Hapana. Asembli, yaani faili inayounganisha vipande kuwa mashine, haina kipande ndani yake, ina anwani yake: jina la faili, folda ilipo, mahali kipande kinapokaa, na mahusiano yanayokishikilia kwa majirani zake. Umbo lenyewe, pamoja na matundu na kona zake, linatoka kwenye faili ya kipande. Programu inapokuonyesha kwamba unakihariri kipande "ndani ya" asembli, imekufungulia faili ileile inayotumiwa na asembli nyingine kumi. Ukihifadhi, umezibadilisha zote kumi. Zitagundua siku zitakapofunguliwa.

Niliwahi kuitwa kwenye kesi ya sahani ya mota. Sahani hiyo ilitumika kwenye konveya tatu, ikiwa na matundu manne ya bolti za M8 (kipenyo cha milimita 8). Mteja wa konveya ya nne akaleta mota yake mwenyewe, ambayo matundu yake yalipishana na ya zamani kwa milimita 6. Mbunifu akafungua asembli ya nne, akabonyeza sahani mara mbili, akabadilisha umbali kati ya matundu kutoka 90 kuwa 96, akahifadhi, akaenda zake. Konveya ya nne ikatoka safi, bila dosari hata moja. Baadaye karakana ikaomba sahani za akiba za konveya ya kwanza. Mchoro ukafunguliwa, ukajisasisha kimyakimya, maana mchoro nao hauna umbo lake, unasoma faili ileile ya kipande. Ukaenda kwa leza. Sahani 40 zikakatwa na kupakwa rangi, na hakuna hata moja iliyokaa mahali pake. Wa kwanza kulaumiwa alikuwa fundi wa leza, mtu pekee katika mkasa mzima aliyefanya kile hasa alichoandikiwa.

Mbunifu alipaswa kujiuliza swali moja kabla ya kugusa kipimo: je, sahani mpya inaweza kufungwa kwenye mashine za zamani, na ya zamani kwenye mashine mpya, bila kutoboa wala kupiga nyundo? Kama ndiyo kwa pande zote mbili, hariri faili ileile na upandishe toleo. Kama hapana, hata kwa upande mmoja, hicho ni kipande kingine. Kipe namba yake, faili yake na mchoro wake. Wapo watakaokwambia kwamba namba mpya ni usumbufu. Waulize wameshawahi kulipia bati.

Sasa, kutengeneza hiyo faili mpya nako kuna mtego. Kwenye SolidWorks, ukifanya "Save As" ya kipande wakati asembli iko wazi, asembli hiyo inahamia kwenye faili mpya, na zile zilizofungwa zinabaki kwenye ya zamani. Mara nyingine hicho ndicho unachotaka. Lakini kama asembli mbili ziko wazi, moja ya mashine mpya na nyingine uliyokuwa unachungulia tu, zote mbili zinahama. Ndiyo maana ninawaambia watu watumie "Make Independent" kwa nakala iliyochaguliwa: hiyo tu inapata faili yake, na mahusiano yake hayakatiki. Ila mchoro hauji nayo. Huo utaunakili mwenyewe.

Na usikichore kipande upya kutoka mwanzo kwa kudhani ndiyo njia safi zaidi. Nyuso na kingo zina vitambulisho vya ndani usivyoviona. Faili iliyotokana na "Save As" inavirithi, kwa hiyo ukiibadilisha na ile ya zamani kwenye asembli, mahusiano yanaishika palepale. Ukichora upya, hata kama umbo linafanana kwa asilimia mia, programu inaona mgeni, na jioni yako itaisha ukiunganisha mahusiano mekundu moja baada ya jingine.

Kuna binamu wa dhana hii ambaye ni mbaya kuliko yenyewe, kwa sababu wewe hubadilishi chochote. Umechora tundu kwenye bano ukiwa ndani ya asembli, na ili usipime, ukaibana skechi yake (mchoro bapa unaolizaa tundu) kwenye ukingo wa fremu. Rahisi, haraka. Kisha bano hilo likaingizwa kwenye mashine nyingine. Tangu hapo, kila mara fremu ya mashine ya kwanza inaposogezwa, tundu linatembea kwenye mashine ya pili, ambayo hata haina fremu hiyo. SolidWorks hukuonya kwa kimshale kidogo, "->", mwishoni mwa jina kwenye orodha ya kushoto. Kikifuatwa na alama ya kuuliza, maana yake kile kinachofuatwa hakijafunguliwa au hakipatikani, na watu wanaizoea alama hiyo kama wanavyozoea taa ya onyo kwenye dashibodi. Sheria yangu haina msamaha: kipande chochote kinachotumika kwenye asembli zaidi ya moja hakiruhusiwi kuwa na kimshale hicho. Na usiyakate marejeo (huko kufungamana na fremu) kwa amri ukadhani umemaliza, kwa maana kukata kunaua uhusiano lakini kunaiacha skechi bila kipimo. Fungua skechi, ondoa uhusiano, andika namba kwa mkono wako.

Watumiaji wa Inventor wasinicheke. Kipande chenu kinachojirekebisha kufuata majirani kinaweza kufanya hivyo ndani ya asembli moja tu, na mtu akishakisahau katika hali hiyo, mwenzake kwenye asembli ya pili anabaki kushangaa vipimo vinavyobadilika bila yeye kuvigusa.

Dhana: Kila urefu unahitaji faili yake

Bolti ya M8 ni bolti ya M8. Uzi wake wa kawaida una hatua ya milimita 1.25 iwe ndefu au fupi, na kichwa ni kilekile. Kinachobadilika ni urefu. Tengeneza faili moja yenye konfigaresheni nyingi (sura tofauti za kipande kimoja) kwenye SolidWorks, jedwali la familia kwenye Creo, au iPart kwenye Inventor. Faili 14 za bolti zenye majina kama "bolti_ndefu_mpya2" ni uvivu uliovaa tai.

Lakini aliyeipenda njia hii akapitiliza ananiumiza kichwa vilevile. Kubadilisha kipimo kwenye faili ya namna hii huja na chaguo: konfigaresheni hii tu, au zote. Watu hawalisomi. Wanabofya sawa, na bolti ya 20, ya 25 na ya 30 zote zinakuwa za 35. Kwa hiyo weka vipimo kwenye jedwali, na ubadilishe kwenye jedwali tu. Pia, usiweke ndani ya faili moja vitu vinavyofanana kwa sura lakini vinaishi maisha tofauti, kwa mfano bano la kushoto ambalo kesho mteja atataka lipinde. Bolti na washa, ndiyo. Vipande vinavyobuniwa bado, hapana.

Dhana: Springi iliyobanwa ni kipande tofauti na iliyo huru

Springi ya milimita 60 ikiwa huru na 42 ikifungwa ni springi moja. Mnunuzi ananunua moja. Ukitengeneza faili mbili zenye majina mawili, orodha ya vipande itaonyesha springi mbili, na stoo itaagiza mbili. Tumia konfigaresheni mbili zenye namba moja ya kipande, na uiambie orodha ya vipande izihesabu kuwa kitu kimoja. Au tumia kipande chenye kunyumbulika: Creo wanacho, na SolidWorks walikileta kwenye toleo la 2020. Vivyo hivyo kwa mpira, waya na mkanda wa mashine.

Dhana: Nikinakili folda nzima, nina mradi mpya

Una faili mpya, ila anwani zilizo ndani yake huenda bado zinaelekea kwenye folda ya zamani. Na kubadilisha majina kupitia dirisha la kawaida la folda ni kukata anwani kwa makusudi. Tumia "Pack and Go", iko SolidWorks na iko Inventor. Ile ya SolidWorks inakusanya asembli, vipande na, ukiweka alama kwenye kisanduku chake, michoro pia. Ongeza herufi mbili mbele ya kila jina palepale kwenye dirisha lake. Ila bolti na vitu vya maktaba viondolee alama, visinakiliwe. Hivyo ni vya wote.

Dhana: Majina yakifanana si shida, mradi folda ni tofauti

SolidWorks haifungui faili mbili zenye jina moja kwa wakati mmoja. Ikitafuta kipande, kwanza inatazama kilicho tayari kwenye kumbukumbu. Creo nayo huanzia kwenye vilivyofunguliwa tangu asubuhi. Sasa fikiria una "bano" kwenye mradi wa kwanza na "bano" lingine kwenye wa pili. Umefungua wa kwanza, hujaufunga, ukafungua wa pili. Bano unaloliona ni la mradi wa kwanza, limekaa karibu vizuri, tofauti ni milimita mbili tatu. Ukihifadhi hapo, kosa limepata anwani ya kudumu.

Ukihisi hali hiyo, usihifadhi chochote. Funga madirisha yote, na kwenye Creo ufute pia vilivyobaki kwenye kumbukumbu, kwa sababu kufunga dirisha pekee hakuvitoi. Kisha fungua mradi wa pili peke yake na utazame njia ya folda ya kila kipande. Halafu bano la pili lipe jina lake, leo hii, kabla hujaenda kula.