Cheti cha daktari si hundi

Nimeulizwa tena, na safari hii na mtu anayejifungia hesabu zake za kodi mwenyewe bila kukosea hata senti: "Nimelazwa na mafua makali siku tatu, cheti ninacho, michango sidaiwi. Fao langu la ugonjwa linaingia lini?"

Haliingii. Na hujaonewa.

Kazi yangu ni kuandaa madai ya watu waliojiajiri, na hakuna imani inayonichosha kama hii ya kwamba ukishapata mhuri wa daktari, kilichobaki ni kungoja pesa. Cheti kinasema unaumwa. Mfuko wa hifadhi ya jamii haulipii kuumwa.

Siku za kusubiri kwanza, maana hapo ndipo dai la ugonjwa mfupi hufia. Mkataba Na. 102 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1952, wenyewe unaruhusu siku tatu za mwanzo zisilipwe. Aliyejiajiri mara nyingi husubiri zaidi ya hapo. Uingereza, malipo ya ugonjwa yanayotolewa na mwajiri kwa sheria hayamhusu. Fao analoweza kuomba lina siku saba za kusubiri. Norway anaanza kulipwa siku ya 17, isipokuwa kama amekata bima ya ziada. Ujerumani, aliyemo kwa hiari katika bima ya afya ya umma na akachagua kuwa na fao la ugonjwa, kwa kawaida huanza siku ya 43. Ireland, mchango wa daraja S, ambao ndio wa waliojiajiri, haukupi fao la ugonjwa kabisa. Sasa mafua ya siku tatu yapenyee wapi?

Hapo huja lalamiko: "Mbona mwajiriwa hapotezi kitu?" Mara nyingi ni kwa sababu mwajiri wake ndiye anayezibeba siku zile za mwanzo. Mwajiri wako ni wewe. Mdai.

Tuseme basi umeumwa wiki tatu na siku za kusubiri zimepita. Bado. Mkataba ule unataja mambo mawili kwa pamoja: kushindwa kufanya kazi kwa sababu ya ugonjwa, na kukatika kwa kipato. Watu husoma la kwanza, la pili wanaliruka. Hata hilo la kwanza mara nyingi hupimwa dhidi ya kazi unayoifanya, si dhidi ya jina la ugonjwa. Fundi mwashi aliyevunjika mguu na mfasiri aliyevunjika mguu hawana dai moja, hata kama wametibiwa na daktari yuleyule. Kwa hiyo fomu inapouliza "unafanya shughuli gani", usiandike "biashara". Andika kwamba unapanda ngazi, unabeba mifuko ya saruji, unaendesha gari saa sita kwa siku. Mkaguzi hakujui, na neno "biashara" halimwambii lolote kuhusu mguu wako.

Kukatika kwa kipato ndiko kunakozua ugomvi. Malipo ya kazi uliyoimaliza mwezi uliopita yakiingia ukiwa kitandani, hiyo si kazi. Yaeleze kabla hujaulizwa, ambatanisha ankara yenye tarehe ya zamani, basi. Lakini ankara uliyoiandika siku ya tano ya ugonjwa wako? Makadirio ya bei uliyomtumia mteja usiku, homa ikiwa imeshuka kidogo? Duka lililobaki wazi kwa sababu mdogo wako amekaa kaunta?

Miongozo husema "asifanye kazi yoyote", kana kwamba biashara ya mtu mmoja huzimwa kwa swichi. Nimeona mafaili mawili yanayofanana kama mapacha yakiamuliwa tofauti, na sina kanuni ya kukupa itakayokulinda mara zote. Kumjulisha mteja kwamba unaumwa, sijawahi kuona kukimponza mtu. Kupatana naye bei, kumewaponza. Katikati yake kuna eneo ambalo hata mimi nalivuka kwa kubahatisha. Sweden angalau wanakiri kwamba mtu anaweza kuwa mgonjwa nusu: fao hulipwa kamili, robo tatu, nusu au robo. Kama kwenu kipo kipengele cha namna hiyo, kidai. Mtu anayesema "ninaweza nusu" huaminika kuliko anayesema "siwezi kabisa" huku simu yake ikijibu oda.

Kuhusu kiwango nitasema kwa kifupi: fao likikokotolewa kwa kipato, wanaangalia faida uliyoitangaza, si mauzo. Uliyeitangaza faida ndogo kama punje wakati wa kodi, utalipwa punje.

Tarehe nazo. Nenda kwa daktari siku unayoshindwa kazi, si siku unayopata nafuu, kwa sababu ipo mifuko inayohesabu kuanzia siku ulipopimwa au ulipotoa taarifa. Na ugonjwa ukikurudia, taja ule wa kwanza. Kwenye fao lile la Uingereza, vipindi viwili vya ugonjwa vilivyopishana kwa wiki zisizozidi 12 huunganishwa, na siku za kusubiri hazianzi upya.

Je, inafaa kulipa mchango mkubwa ili usubiri siku chache? Sweden unachagua mwenyewe, kuanzia siku 1 hadi 90, na mchango hupungua kadiri unavyokubali kungoja. Ukiwa na akiba ya mwezi mmoja, mimi ningechagua siku 30, na mafua ningeyagharamia mwenyewe.