Paka kaandikiwa dawa ya maumivu makali, sasa unampaje?

Watu wengi hapa Dodoma wakisikia paka wao kaandikiwa tramadol au buprenofini wanashtuka, mtu anakwambia daktari hizi si ndo zile za mateja, basi dawa inaishia kabatini na paka aliyegongwa na bodaboda anabaki kajikunyata chini ya kitanda na mguu wake umevunjika. Halafu kuna yule asiyeogopa chochote, ana kapsuli zake alizoandikiwa mwaka jana alipong'olewa jino, anafungua moja anamwagia paka nusu kwa kukadiria kwa macho. Wote nawaelewa ila huyu wa pili ndo anatupa presha sisi madaktari wa mifugo.

Tuanze na huyo mwoga. Opioidi, yaani kundi la dawa ambalo tramadol na buprenofini zimo, ni ndugu wa afyuni, kweli, na zamani hata wataalamu walikuwa hawapendi kumpa paka, vitabu vilikuwa vinasema paka akipewa mofini anapata wazimu. Kumbe majaribio yale ya zamani yalitumia dozi za ajabu, mpaka miligramu 20 kwa kila kilo ya paka, wakati sa hivi mofini kwa paka tunazungumzia 0.1 mpaka 0.2 kwa kilo. Kwa dozi yake dawa inamsaidia sana, hasa baada ya upasuaji, kuvunjika mfupa au kuungua. Na kozi ya siku chache haimgeuzi paka kuwa teja, hilo litoe kichwani, ila akiwa ametumia kwa wiki nyingi usikate ghafla, daktari atakupangia namna ya kupunguza kidogo kidogo.

Sasa hesabu, na hapa naomba uende polepole. Paka wengi wa mitaani kwetu wana kilo 3 au 4 tu. Kapsuli ya tramadol ya mtu mzima ina miligramu 50, dozi ya paka kwa kawaida inakuwa kati ya miligramu 1 na 4 kwa kilo kutegemea hali yake, kwa hiyo paka wa kilo 3.5 ukimpa kapsuli nzima umempa zaidi ya 14 kwa kilo, na hata ile nusu ya kukadiria bado imezidi. Zile za kuachia dawa taratibu ndo kabisa usizivunje wala usizisage, maana dozi ya saa nyingi inamwagika yote kwa mpigo. Ndo maana tunampima paka kwenye mzani kabla ya kuandika cheti, sio kwamba tunakuchelewesha, na dozi aliyopewa paka wa jirani Chang'ombe mwezi uliopita sio ya paka wako.

Halafu kuna mtego mwingine ambao uko kwenye maandishi madogo ya boksi. Kuna vidonge vya watu vyenye tramadol na parasetamoli pamoja, vingine kodeini na parasetamoli, mtu anaona neno tramadol anaridhika. Parasetamoli, yaani Panadol hiyo hiyo, ni sumu kwa paka. Ini la paka halina uwezo wa kuivunja kama letu, inaharibu damu ishindwe kubeba oksijeni, fizi zinageuka rangi ya kahawia au bluu, uso na miguu vinavimba, anahema kwa shida. Miligramu 10 kwa kilo imeshawahi kuleta madhara, sasa kidonge kimoja cha mchanganyiko kikiwa na 325 piga hesabu mwenyewe. Brufeni na diklofenaki nazo usijaribu kumwongezea "ili ipoe haraka", zinaua figo na kutoboa tumbo. Kuna dawa za jamii hiyo zilizotengenezwa kwa paka lakini anayechagua ni daktari.

Kumpa buprenofini ndo kuna utaalamu kidogo, na watu wengi wanakosea kwa sababu wanadhani ni dawa ya kumezwa. Hapana, ikimezwa karibu yote inaishia kwenye ini na paka anaendelea kuumia. Inatakiwa ipite kwenye ngozi laini ya ndani ya mdomo, na mate ya paka yana hali ya alkali ambayo inaisaidia kupenya. Kwa hiyo mviringishe paka kwenye kanga au taulo kichwa kibaki nje, chukua sirinji ndogo ya mililita 1 ISIYO na sindano, ingiza ncha pembeni ya mdomo katikati ya shavu na fizi, sukuma taratibu, mshike kidogo asiteme. Huna haja ya kumpanua mdomo wala kumwinua kichwa juu. Chakula na maji subiri kidogo baada ya hapo. Kiasi chenyewe kinakuwa kidogo sana, paka wa kilo 3.5 anaweza kuandikiwa kama mililita 0.2 hivi kwa dawa yenye nguvu ya miligramu 0.3 kwa kila mililita, sasa ile nukta ikipotea ukasoma 2 umempa mara kumi. Mwambie daktari akuchoree mstari kwa kalamu kwenye sirinji, hamna aibu hapo, hata wasomi wa UDOM tunawachorea.

Tramadol yenyewe ni chungu balaa, paka akiionja anatoa povu na udenda mpaka mwenye paka anapiga simu analia kwamba kalishwa sumu. Mara nyingi ni uchungu tu. Ifiche kwenye kipande kidogo cha samaki, perege wa Mtera anafaa sana kwa kazi hii, akimeze chote mbele yako. Usiichanganye kwenye sahani nzima ya ugali na dagaa maana atakula nusu na nusu nyingine ataimalizia paka wa mtaa wa pili.

Baada ya dawa utaona mboni zimepanuka sana, anajisugua, anakandakanda godoro, ananguruma kwa raha, wengine wanakuwa na wasiwasi wanazungukazunguka. Hiyo inatarajiwa, ila kwa jua letu hili mboni zikiwa wazi hivyo mwanga unamsumbua, na hana akili timamu ya kukwepa mbwa wala pikipiki, kwa hiyo abaki ndani. Opioidi pia zinaweza kumpandishia paka joto, na nyumba zetu za bati mwezi wa kumi na wa kumi na moja zinajulikana, mtafutie chumba chenye hewa na maji karibu. Joto lake la kawaida ni 38 mpaka 39.2. Kukosa hamu ya kula siku moja na choo kuwa kigumu hutokea, siku mbili bila kula tupigie.

Dharura ni hii: humwamshi akaamka, pumzi zinakuwa chache na fupi, fizi zimepauka au zina ubluu, mwili umekuwa wa baridi, au anatetemeka na kuchachamaa. Hapo ondoka na boksi la dawa mkononi uje kituoni, kuna dawa ya naloksoni ya kuondoa hali hiyo lakini inahitaji daktari na uangalizi. Usimnyweshe maziwa, mafuta wala chumvi ili atapike, najua tumerithi hiyo kwa bibi zetu, ila paka aliyelegea maziwa yanaingia kwenye mapafu na hapo unakuwa na ugonjwa wa pili.

Kabla ya cheti kuandikwa tuambie kama paka kagongwa kichwa, ana ugonjwa wa figo au ini, ana mimba, au anatumia dawa nyingine yoyote. Tramadol ikikutana na dawa za msongo kama fluoksetini au amitriptilini inaweza kuleta mtetemeko na joto kali. Na ukisahau dozi usifidie kwa kuzidisha inayofuata.

Utajuaje kama dawa inatosha, maana paka anaficha maumivu kuliko mnyama yeyote wa nyumbani ninayemjua? Angalia uso. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Montréal walitoa kipimo mwaka 2019 kinachoangalia masikio, macho, mdomo, masharubu na kichwa: masikio yakilala pembeni, macho yakifinywa, mdomo umekaza, masharubu yamenyooka mbele na kichwa kiko chini ya mabega, huyo bado anaumia. Mpige picha na simu ututumie, kwa mtu aliyeko Kongwa au Mpwapwa inaokoa nauli. Usijiongezee dozi mwenyewe.

Suala la mwisho ni watoto na vijana wa nyumbani. Tramadol ni dawa inayodhibitiwa, haitakiwi kutoka famasi bila cheti, na chupa ya paka ikiwa juu ya friji kila mtu anaijua ilipo, kwa hiyo ifungie. Ukiona kijana anauliza sana paka amebakiza vidonge vingapi, hesabu vidonge. Iliyobaki irudishe pale ulipoichukua, usimwage chooni wala usimpe jirani, na kama paka alibandikwa zile plasta za fentanili, opioidi nyingine inayopitia kwenye ngozi, basi usizikate, usiweke pedi ya moto juu yake, na zikitolewa zikunje upande wa gundi ukutane wenyewe kwa wenyewe, tia kwenye bahasha uje nazo, maana hata iliyotumika siku tatu bado ina dawa ya kumdhuru mtoto.