Mwanga unapinda kushoto au kulia, nani anaamua?

Kuna molekuli zina mkono kama sisi, kuna ya kulia na ya kushoto, zimefanana kila kitu ila ukiziweka moja juu ya nyengine haziingiani. Ndo kairaliti hiyo. Pasteur, mwanasayansi wa Kifaransa, aliiona tokea 1848, kakaa anachambua kwa mkono vifuwele vya chumvi ya tartariki, vya upande huu huku, vya upande ule kule.

Mie kazi yangu ni kuzitia kwenye kiyeyusho zijipange zenyewe, kila moja inakaa juu ya mwenziwe imegeuka kidogo, mwisho inatoka helisi, yaani umbo la kujisokota kama skrubu, na helisi zenyewe tena zinasokotana kama kamba ya usumba wanayosokota kina mama wa Paje, ila hii unene wake nanomita chache tu (nanomita ni milimita moja ukiigawa mara milioni). Watu wanadhani molekuli ikiwa ya kulia basi na helisi lazima iende kulia. Wapi! Molekuli ile ile, badilisha kiyeyusho, au ipoze haraka badala ya taratibu, unaweza ukapata helisi ya upande wa pili, kwa sababu ukiharakisha linatoka umbo la kuundwa upesi, ukiipa muda linatoka lile lililotulia zaidi. Tena si lazima zote ziwe na mkono: mwanakemia Green na wenzake kule Marekani 1989 walionesha kuwa chache zenye mkono zinawaburura wengi wasiokuwa nao, wakaziita sajenti na askari.

Molekuli hizi ukizimulika zinawaka, na helisi ikipinda, mwanga wake nao unatoka unazunguka, kushoto au kulia. Tunaupima kwa g, namba inayosema mwanga umeelemea upande gani na kwa kiasi gani, toka -2 mpaka +2. Molekuli ya kaboni ikiwa peke yake mara nyingi haifiki hata 0.01, ndo maana tunazipanga. Tabu ni kuwa molekuli nyingi zikibanana zinazimika, haziwaki tena. Hapo ndo namshukuru Tang, mwanakemia wa Hong Kong, 2001 alieleza zile zinazofanya kinyume: washa tochi ya UV kwenye kichupa, kimya, tia maji kidogo kidogo, molekuli zinabanana, inaanza ukungu, mara inawaka, maana viungo vyake vimebanwa havizunguki tena vikapoteza nguvu.

Faida? Simu za OLED, zile ambazo kila nukta ya skrini inawaka yenyewe, zina kichujio cha kuzuia jua lisirudi machoni, na kichujio hicho kinakula karibu nusu ya mwanga wa skrini yenyewe. Mwanga ukitoka tayari unazunguka upande unaotakiwa, unapita, na betri inapumua. Ila kwa hiyo unataka g kubwa khasa na mwanga mkali vyote pamoja, na ukipandisha hiki mara nyingi kile kinashuka.