Ozoni Katika Maji ya Jabia na ya Kisima

Swali ambalo wenye nyumba za wageni kisiwani Lamu hutuuliza mara kwa mara ni kama maji yenye tindikali huimaliza upesi ozoni inayotiwa kuua vijidudu. La, tindikali huirefushia umri.

Ozoni ni gesi yenye atomu 3 za oksijeni katika kila molekuli, na ikishayeyuka majini huanza kurudi kuwa oksijeni ya kawaida. Kinachoichochea hasa ni ioni za haidroksaidi, yaani chembe zenye chaji ya umeme zilizomo majini: ioni moja ikikutana na ozoni huzaa radikali, chembe zisizotulia, nazo radikali hizo huishambulia ozoni iliyobaki na kuzaa nyingine, mpaka uwe msururu. Kipimo cha pH, ambacho hushuka tindikali inapozidi, kikishuka kutoka 8 hadi 5, ioni hizo hupungua mara 1,000, na msururu hukosa wa kuuanzisha. Kuvunjika kwenyewe hakupungui kwa kiasi hicho hicho, kwani joto, mwanga wa jua na uchafu wa majani nao huivunja ozoni kwa njia zao.

Maji ya mvua huwa na tindikali kidogo, pH ya takriban 5.6, lakini yakikaa ndani ya jabia lililopakwa chokaa hupoteza tindikali hiyo. Maji ya kisima kilichochimbwa katika mwamba wa matumbawe yana bikaboneti nyingi, madini yaliyoyeyuka kutoka mwambani, ambayo huzinasa radikali kabla hazijaifikia ozoni, hivyo ozoni huweza kudumu humo hata pH ikiwa imepita 7. Ndiyo maana tunasisitiza kwamba pH peke yake haitoshi kukadiria ozoni itadumu muda gani.

Linalotutia wasiwasi zaidi ni visima vilivyoingiwa na maji ya chumvi. Bahari ina bromaidi, aina ya chumvi, ya takriban miligramu 65 kwa lita, na ozoni huweza kuigeuza kuwa bromati, kemikali yenye madhara, ambayo Shirika la Afya Duniani limeiwekea kikomo cha maikrogramu 10 kwa lita ya maji ya kunywa. Kushusha pH hupunguza bromati, na mitambo mikubwa ya maji hufanya hivyo kwa vipimo. Tafadhali, mtu asijaribu nyumbani kwa kukamulia ndimu: vitamini C iliyomo huila ozoni papo hapo, na vijidudu husalia. Kisima kikiwa na ladha ya chumvi, maji yapimwe bromaidi kwanza, kabla mashine ya ozoni haijanunuliwa.