Je, wajua? Mtambo wa kuchimba hujishusha wenyewe kutoka kwa trekta

Ukipita Ruai au Utawala, mashariki ya Nairobi, siku ya kazi, huenda ukaona trekta dogo likipenya geti la ploti ya futi hamsini kwa mia, geti ambalo JCB ya tani 8 ingeling'oa pamoja na nguzo zake. Nyuma limebeba mtambo wa kuchimba: mkono uliokunjwa, ndoo yenye meno, na miguu miwili ya chuma ubavuni. Asubuhi linachimba shimo la choo. Alasiri trekta lile lile liko barabarani linavuta trela la mchanga, na mtambo haupo. Nani aliushusha? Mitambo ya matrekta ya kiasi hiki huwa na uzito wa kilo 300 hadi 600, na pale uwanjani hapakuwa na winchi wala kikosi cha vijana. Alikuwapo dereva peke yake.

Siri ni kwamba mtambo wenyewe ndio winchi. Nguvu ya haidroli inayochimba udongo, yaani ya mafuta yanayosukumwa na pampu kwa presha, ndiyo hiyo hiyo inayouinua mtambo kutoka mgongoni mwa trekta. Dereva anashusha miguu miwili hadi ikanyage chini, kisha anakandamiza ndoo ardhini. Sasa mtambo umesimama kwa sehemu tatu na unaweza kujiinua kama mtu anayenyanyuka kitandani kwa viwiko. Akivuta leva ya kuuendeshea kidogo, kifua cha mtambo, yaani sehemu inayoshikana na trekta, kinapanda, akilegeza, kinashuka. Trekta linabaki limeshikana nao kwa pini tu.

Hapo kwenye pini ndipo utamjua fundi. Pini iliyobeba uzito haitoki, na anayekimbilia nyundo anaharibu pini na tundu lake kwa pamoja. Mwenye uzoefu hugusa leva ya mkono wa mtambo, akapandisha kidogo sana, akashusha, akaijaribu pini. Bado. Anagusa tena. Uzito ukiisha, pini hutoka kwa vidole viwili. Na kama anataka kujua matundu yamelingana, anachungulia au anapitisha nondo. Kidole hakiingizwi humo, kwa sababu chuma cha nusu tani kikiteleza hata kidogo kinakikata.

Pini zikitoka, mkono unanyanyua kifua cha mtambo hadi ndoano zake zitoke kwenye fremu ya trekta. Injini inazimwa, paipu za mafuta zinachomolewa, trekta linasogea mbele polepole. Muda wote huo mtu yeyote asisimame kati ya tairi za nyuma na mtambo, hata kama ni kuelekeza tu.

Kazi ya kuzichomoa paipu ndiyo huwatoa watu jasho. Injini imezimwa, lakini mafuta yaliyobaki ndani ya paipu bado yana presha, na kiungo kilichobanwa na presha hakikubali kufunguka. Dawa yake ni rahisi: mtambo ukiwa umetua, injini ikiwa imezimwa, sukuma kila leva huku na huku mara kadhaa ili presha itoke. Ukisahau, ukauacha mtambo juani Ruai tangu asubuhi, kesho utapambana na paipu hizo hizo kuzirudisha. Mafuta yaliyofungiwa mahali pasipotanuka hupandisha presha kwa takriban baa 10 (baa ni kipimo cha presha) kwa kila nyuzi moja ya joto. Paipu za mpira hutanuka kidogo na kupunguza makali hayo, lakini presha inayobaki inatosha kukushinda mikono.

Kuna kosa jingine ambalo halionekani hadi trekta liondoke. Kwenye matrekta madogo mengi pampu husukuma mafuta bila kupumzika: yanapita kwenye mtambo, kisha yanarudi. Ukiuondoa mtambo umeikata njia hiyo. Ndiyo maana paipu mbili zinazobaki kwenye trekta, ya kupeleka na ya kurudisha, huunganishwa zenyewe kwa zenyewe. Usipofanya hivyo, mafuta hayana pa kwenda. Utasikia pampu ikilia, mafuta yatachemka, na mara nyingi mikono ya nyuma ya kuinulia jembe haitapanda. Kabla ya kumwita fundi kutoka Industrial Area na kulipia nauli yake, angalia paipu hizo mbili.

Kuurudisha mtambo ni kinyume chake, na kuna jambo moja hapo ambalo wengi hulikosea: paipu kwanza, pini mwisho. Trekta linarudi nyuma likiwa limenyooka, linasimama likiwa limebakisha nafasi ndogo, breki inafungwa na gia inakuwa huru. Paipu zikishaunganishwa, injini inawashwa kwa mwendo wa chini na mtambo unajirekebisha wenyewe: miguu inausawazisha kushoto na kulia, mkono unapandisha au kushusha kifua, na ndoo iliyong'ata ardhi inausogeza kuelekea kwenye ndoano. Anayejaribu kuulenga mtambo kwa kurudisha trekta mbele na nyuma atazunguka hadi saa sita.

Udongo nao una neno lake. Sehemu kubwa ya mashariki ya Nairobi ina udongo mweusi, ule wa black cotton, unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Uache mtambo juu yake wiki moja ya mvua za masika, utaukuta mguu mmoja umezama na kifua kimelala upande. Mbao nene chini ya miguu na ndoo, au afadhali sakafu ya zege, zinakuepusha na hayo.

Mtambo huu ulianza maisha yake ukiwa wa kufungwa na kufunguliwa. Mwaka 1948, huko Massachusetts nchini Marekani, ulifungwa kwenye trekta la shamba la Ford. Ni mwaka 1957 ndipo kampuni ya Case ilipouza mashine iliyounganishwa tangu kiwandani.

Wapo wanaoning'iniza mtambo kwenye mikono mitatu ya nyuma, ile ya jembe, bila fremu ya chini ya tumbo la trekta. Mimi siwashauri. Ndoo inaponasa kwenye mwamba, nguvu yote inaingia kwenye nyumba ya gia, ambayo ni chuma cha kusubu, na chuma hicho hupasuka badala ya kupinda. Fremu hueneza nguvu hadi mbele ya trekta.

Na ukiona paipu inavuja ukungu mwembamba wa mafuta, usiupapase kwa mkono. Zima injini, toa presha. Kama ni lazima kuutafuta uvujaji mtambo ukifanya kazi, pitisha kipande cha katoni mahali hapo. Tundu dogo kama la sindano hupenyeza mafuta chini ya ngozi, na kidonda huonekana kidogo tu huku nyama ya ndani ikioza. Aliyepigwa na mafuta hayo aende hospitali saa hiyo hiyo, hata kama hasikii maumivu, na amwambie daktari wazi kwamba ni mafuta ya mashine yaliyoingia kwa presha, maana huenda akahitaji upasuaji siku hiyo hiyo.