Chura wa Kihansi na tope la viatu vyetu

Nikizungumzia chura wa Kihansi mbele ya watu, swali la kwanza huwa lile lile: "Hivi ni kweli vyura walipandishwa ndege kwenda Marekani?" Ni kweli. Mwaka 2000 walikamatwa karibu 500 katika korongo la mto Kihansi, safu ya milima ya Udzungwa, wakapelekwa bustani ya wanyama ya Bronx, New York. Watu hucheka, nami hucheka nao, kisha naeleza kilichowapeleka.

Ni chura wa manjano, mdogo kiasi kwamba dume akikalia sarafu ya shilingi 500 ukingo wake unabaki wazi. Hatagi mayai majini kama vyura tuliowazoea, huzaa. Ngozi ya tumbo la jike ni nyembamba, na akiwa na mimba unaweza kuviona vitoto vimejikunja ndani. Kitoto kikizaliwa hakifiki urefu wa punje ya mchele, lakini miguu yote minne ipo tayari.

Duniani kote alikuwa na makazi mamoja tu: takribani hekta mbili za majani na miamba iliyoloa manyunyu ya maporomoko usiku na mchana. Wanasayansi walimgundua mwaka 1996, wakati ujenzi wa mradi wa umeme wa megawati 180 umeshaanza. Mitambo ilipowashwa, kama asilimia 90 ya maji ya mto yalielekezwa huko, manyunyu yakakatika, majani yakanyauka. Sisemi umeme ule haukuhitajika. Nasema wanyama wa korongo walipaswa kuhesabiwa kabla ya sururu ya kwanza.

Vikafungwa vinyunyizi. Mabomba huteremsha maji kwa nguvu ya mteremko, bila pampu, hadi kwenye vitundu vidogo vinavyoyapasua kuwa ukungu. Dawa ile ilifanya kazi: Juni 2003 walikadiriwa kuwa vyura wapatao 20,000. Miezi michache baadaye wakawa wa kutafutwa mmoja mmoja, na mwaka 2009 shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, likatangaza kwamba porini hayupo tena.

Kiswahili kina neno moja, ukungu, kwa ule unaotanda mlimani asubuhi na kwa ule unaoota kwenye mkate uliolala. Chura huyu aliishi kwa ukungu wa kwanza, na ninavyoona mimi wa pili ndio uliommaliza. Kuvu anayeitwa kitridi, aliyegunduliwa korongoni mwaka ule ule wa 2003, hushambulia ngozi. Kwa chura, ngozi ni mdomo na pua pia: hunywea hapo, na sehemu ya hewa hupitia hapo. Ikiharibika, chumvi za mwilini huvurugika na moyo husimama. Walikuwepo walioshuku pia tope lililotoka bwawani mwaka huo. Kuhusu kuvu alivyofika, kidole kilielekezwa kwenye viatu na vifaa vya waliokuwa wakiingia korongoni, watafiti wakiwemo. Hilo linatuuma sisi wa fani hii.

Huko Marekani nako haikuwa lelemama. Mwishoni mwa 2004 walikuwa wamebaki chini ya 70, na hali ilibadilika tu watunzaji walipopata taa na wadudu wanaowafaa. Bustani ya Toledo, Ohio, ikasaidia kuwazalisha. Mwaka 2010 vyura 100 walirudi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na 2012 zaidi ya 2,000 wakaachiwa Kihansi. Kuvu hajaondoka, na manyunyu bado yanategemea mabomba.

Kwa hiyo ukienda msituni au kwenye maporomoko yoyote, anza na viatu. Sugua tope lote kwa brashi kabla ya kutia dawa ya kuua vimelea, maana dawa haipenyi tope. Kisha anika juani mpaka vikauke kabisa, hadi ndani ya mashimo ya soli. Kitridi hastahimili ukavu. Ukiona vyura kadhaa wamekufa mahali pamoja, usiwashike wala kuwahamisha. Waarifu maofisa wanyamapori, na usivuke kijito kingine na viatu hivyo hivyo.