Mng'ao wa bluu kiooni si dalili ya saa feki

Ule ujumbe wa kwamba saa yenye mng'ao wa bluu au zambarau kiooni ni feki umerudi kwenye magrupu ya Dodoma. Si kweli. Rangi hiyo hutokana na utando mwembamba wa kupunguza mwanga unaorudi machoni. Kioo cha yakuti samawi (sapphire, kioo kigumu cha saa) kisichopakwa utando huo hurudisha karibu asilimia 8 ya mwanga kwa uso wa juu pekee. Kikipakwa, mwanga kidogo unaobaki kurudi mara nyingi huwa na ubluu. Iinamishe saa karibu na dirisha utaona. (Feki nazo hupakwa, kwa hiyo rangi haithibitishi lolote.)

Mkanganyiko huzidishwa na mikwaruzo. Utando wa nje ni laini kuliko yakuti, hivyo vumbi letu la mchanga huuchuna, na mwenye saa hudhani kioo chenyewe ni bandia. Ndiyo maana watengenezaji wengine hupaka upande wa ndani tu: utando hudumu, ingawa jua la mchana bado hung'aa juu ya kioo. Ukitumiwa ujumbe huo, tafadhali usiusambaze.